Ripoti ya CT scan ya mama: nilimsomea mistari miwili, moyo ulikuwa mstari wa sita

Wakuu, salaam. Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu ya aibu ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Songea. Mama yangu ni mkulima wa tumbaku Namtumbo. Alipokutwa na saratani ya titi la kushoto nilimleta kwangu, awe karibu na matibabu.

Akafanyiwa operesheni, akamaliza chemo. Ikabaki mionzi, ambayo ilibidi tuifuate Dar. Kabla ya safari akapigwa CT scan ya kifua, kuangalia kama ugonjwa umesambaa.

Ripoti ikaja kwa Kiingereza, ndani ya bahasha kubwa ya picha.

Niliisoma kama ninavyosoma matokeo ya form four: naruka moja kwa moja kwenye division, mengine baadaye. Nilichotafuta ni kusambaa tu. Haijasambaa. Nikamtangazia mama, nikapigia ndugu simu, Jumapili tukatoa shukrani kanisani.

Bahasha ikaenda chini ya godoro la mama. (Najua siko peke yangu. Wengi tunaziweka huko, eti picha zisijikunje.)

Ila mama alikuwa anahema. Kale kamlima ka kutoka kanisani alikuwa anasimama mara mbili. Wote tukasema ni uchovu wa chemo, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Siku tatu kabla ya safari akaitoa bahasha mwenyewe. Mama aliishia darasa la nne, Kiingereza hajui. Akaweka karatasi mezani.

"Hapa pana mistari saba. Wewe umenisomea miwili."

Nikamwambia hiyo mingine ni mambo ya kitaalamu.

"Hata sokoni kwenye tumbaku walikuwa wananiambia hivyo hivyo. Wanakutajia daraja la tumbaku yako, yaliyoandikwa chini unayajua ukishasaini. Nisomee yote, mwanangu."

Nikaanza. Mapafu, sawa. Ini, sawa. Mstari wa sita nikakwama: kuna chokaa kwenye mishipa inayolisha moyo, aonwe na daktari wa moyo.

Wiki tano mama alikuwa ameilalia hiyo karatasi. Niliogopa, wakuu. Nilishindwa hata kumtazama.

Asubuhi tukarudi hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akampa mama shikamoo, akafungua picha kwenye kompyuta.

"Mama, tulikuwa tunatafuta saratani, lakini ukipiga picha ya kifua na moyo unaonekana. Hivi vidoa vyeupe ndiyo chokaa. Vinatuambia mishipa imeanza kuugua. Na mionzi ya titi la kushoto inapita jirani na moyo. Ni vizuri mmekuja kabla."

Akaongeza kuwa hata baadhi ya dawa za chemo huuelemea moyo.

Safari ikasogezwa wiki mbili. Akapimwa moyo kwa ECHO, presha ikakutwa juu, akaanzishiwa dawa ya presha na ya kushusha mafuta kwenye damu. Dar wakapewa taarifa mapema, wapange mionzi iukwepe moyo kadiri inavyowezekana.

Akamaliza mionzi yote. Kale kamlima bado anasimama, ila mara moja.

Nilichojifunza ni kidogo. Habari njema ilinifumba macho kuliko ambavyo habari mbaya ingeweza. Mgonjwa wako akipigwa picha ya kifua kwa ajili ya saratani, muulize daktari na moyo unaonekanaje. Usijitafsirie mwenyewe kama mimi.

Wiki iliyopita imekuja ripoti nyingine. Mama akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na hakukisogeza mpaka nilipomaliza kuutafsiri. Ilikuwa mistari tisa. Tulikwenda hivyo hadi chini.

Kama kwenu kuna bahasha chini ya godoro, itoeni leo. Kisha njooni mtuambie mstari wa mwisho unasemaje.