Sifuri za Watoto wa Gaudiosa

Gaudiosa alizaliwa Izigo, akaolewa Izigo, na kama si miaka ishirini na miwili ya kibarua kwenye kitalu cha migomba kule Maruku, ungesema hajawahi kuvuka mpaka wa Izigo. Cheti anacho kimoja, cha ubatizo. Lakini muingize kwenye kibanja chochote, atakuambia mgomba upi una njaa, upi umesongwa, na upi ulipandwa na mvivu. Mvivu mwenyewe akiwa hapo karibu, ataambiwa na yeye.

Alipostaafu (kwa kweli mgongo ndio uliostaafu, yeye akaufuata tu), Mwalimu Projestus, mkuu wa shule ya msingi ya jirani, alimwomba awafundishe watoto wa klabu ya mazingira kila Ijumaa mchana. Posho hakuna. Gaudiosa alikubali kabla mwalimu hajamaliza kuomba. Huu ni mwaka wa nne, na watoto arobaini na mmoja humfuata kila Ijumaa hadi kibanjani kwake, nyuma ya shule, kama vifaranga waliosikia mahindi yakimwagwa.

Mwaka huu matokeo ya Hisabati yalikuwa ya kutia aibu, na Projestus akaanza kuitamani ile Ijumaa. Hata hivyo ni mtu wa haki. Alimwambia Gaudiosa kwamba kuna mtafiti anakuja kupima watoto wana ukaribu kiasi gani na maeneo ya asili. Utafiti ukionyesha klabu inafaa, itabaki. Usipoonyesha, watoto watarudi darasani kukokotoa, na yeye Gaudiosa amsamehe.

Mtafiti alikuwa binti wa mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, Sumaiya, mpole, msomi, mwenye mkoba mzito kuliko yeye. Aligawa fomu nzuri zenye picha ya tembo kwenye jalada, na nyuma ya tembo watalii wamebandika darubini machoni. Watoto wakajaza kimya, kalamu mdomoni, akazikusanya, akaondoka.

Wiki mbili baadaye alirudi na majibu, akayasoma ofisini kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. Kati ya shule sita, ya Izigo ilikuwa ya mwisho. Kwenye swali la saa ngapi kwa wiki mtoto hutumia katika maeneo ya asili, thelathini na wanane waliandika sifuri. Watatu hawakuandika kitu, labda waliona hata sifuri ni majivuno. Shule ya kwanza ilikuwa ya mjini Bukoba: watoto wake huenda ufukweni kila Jumapili, ambako kitu cha asili wanachokigusa ni viazi, navyo vimeshakaangwa.

Gaudiosa hakubisha, na watu wanaomjua wangeogopa hapo hapo. Alitazama mikono yake.

"Kumbe miaka minne nimefundisha sifuri," alisema.

Projestus, bila ubaya wowote, alikuwa ameshachukua rula na ratiba.

Sumaiya aliona vibaya kuondoka hivyo hivyo, akaomba aonyeshwe kibanja. Gaudiosa alitangulia. Huko walimkuta Klaudia wa darasa la sita na mti mrefu wenye panda, anakwanyua yale maua mekundu yanayoning'inia chini ya mikungu. Sumaiya alimuuliza kwa nini asitumie panga, amalize haraka. Klaudia alimweleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba panga hubeba ugonjwa wa mnyauko kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima, na ua likiachwa wadudu huuleta wenyewe. Kisha akamwomba asogeze mguu, siafu walikuwa wanahama.

"Kazi hii unaifanya mara ngapi?" Sumaiya aliuliza huku akiruka.

"Kila siku, dada. Asubuhi kabla ya shule, na jioni."

"Sasa mbona kwenye fomu uliandika sifuri?"

Klaudia alimwangalia kama aliyeulizwa mbona hana mkia.

"Fomu iliuliza maeneo ya asili. Kule kwenye tembo. Sisi hatujaenda, wanatoza kiingilio. Hapa si ni nyumbani?"

Sumaiya akamgeukia Gaudiosa, akamuuliza yeye angeandika saa ngapi.

"Mimi? Sifuri," alisema Gaudiosa. "Nikafanye nini huko porini, waitu, na magugu yananingoja hapa?"

Binti wa watu aliketi kwenye gogo, akacheka mpaka akashika kichwa. Alikiri kwamba fomu ile waliijaribu mjini tu, na kwamba kosa lilikuwa la swali, si la watoto. Ijumaa iliyofuata alikuja bila fomu. Kila mtoto alimzungusha kibanjani na kumweleza anachokijua, yeye anaandika, daftari likaisha, akahamia kwenye bahasha. Projestus naye alifuata, akataka kuegemea omulamula, ule mmea unaopandwa mpakani mwa vibanja, na mtoto wa darasa la nne akamtahadharisha kwamba ukiuvunja utaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mwalimu mkuu akasimama wima kama askari.

Kabla jua halijashuka alitoa uamuzi, mbele ya watoto ili asije akaghairi. Ijumaa ni ya Mama Gaudiosa. Hisabati itachukua saa ya kikao cha walimu, na hakuna mwalimu atakayelilia kikao.

Gaudiosa aliketi juu ya matandazo, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu hivi kwamba Sumaiya akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu. Hiyo nilikuwa nimeibana tangu siku uliposoma namba zako."