Mahindi Chini ya Kabichi

Mwaka ule nyumba yetu ya Kilolo ilichaguliwa kuhojiwa kuhusu matumizi. Kila mwisho wa mwezi alikuja dada mmoja wa takwimu na kishikwambi chake, akaketi jikoni karibu na moto, akamwuliza mama amenunua nini. Nikikumbuka leo naona ukungu umesimama mlangoni, na sauti ya mama ikitaja vitu taratibu kama anayesali rozari: chumvi, sabuni, kiberiti. Miezi nayo ilikuwa na tabia zake. Wa Sita ulikuwa mwezi wa blanketi na sukari, kwa ile baridi. Wa Kumi na Mbili ulinukia nguo mpya na mchele wa Madibira. Nilikuwa nasikiliza mpaka nasinzia.

Mwezi wa Pili, mwaka ulipogeuka, nilikuwa likizo kutoka chuo, Mbeya. Dada akauliza, "Na mahindi, mama? Mmenunua?"

Mama akacheka. "Mahindi? Mwanangu, sisi wakulima. Tununue mahindi, watu watatuonaje?"

Mimi na mdomo wangu! Juzi yake nilimwona akishuka kwenye gari la kutoka Iringa mjini na kiroba, juu amepanga kabichi. Jamani, nani anatoa kabichi mjini kuzileta Kilolo, tunakozilima sisi?

"Mama, acha uongo," nikasema. "Debe mbili umenunua, nimeziona chini ya kabichi." Nikacheka, peke yangu.

Mama akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Kwetu, kununua mahindi kabla ya mavuno ni kukiri kwamba shamba limekushinda, na majirani wakijua watakusema mwaka mzima. Aliogopa hilo kuliko njaa yenyewe.

"Ya kwenu yaliisha mapema?" dada akauliza kwa upole.

"Niliyauza. Mwezi wa Nane, gunia zote sita. Ulipokuja nilikuficha."

"Hela ukanunulia nini, mama?"

Mama hakunitazama. "Ada ya chuo. Sanduku. Nauli ya Mbeya. Na godoro."

Dada akaandika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Godoro lile! Wiki ya kwanza tu chuoni nilimpigia mama simu kumlalamikia kwamba ni jembamba, mbavu zinaniuma. Akanijibu, "Pole mwanangu. Mwakani tutatafuta nene."