Dodoso la Mchezo wa Mezani

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "tukusanye maoni ya wananchi", damu inanichemka. Niliwahi kuyakusanya. Sina hamu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami karani kijana wa elimu ya watu wazima pale Morogoro mjini, suruali pana, na maringo ya mtu anayejua kutunga maswali. Katika kijiji kimoja ukishapita Matombo kulikuwa na mama mjane, mwalimu wa kisomo. Wanafunzi wake walipokwisha kujua kusoma hawakuwa na cha kuwarudisha darasani, basi akabuni mchezo. Alichora kijiji kizima nyuma ya kalenda kubwa ya misheni, akachonga dadu kwa mti wa mpera, na kila Jumamosi alasiri watu walizunguka meza. Kila mmoja alipewa mtu wa kuwa: huyu bwana shamba, yule mganga, yule mkwe mkorofi. Mama alisimulia mkasa, mvua imebeba daraja, nguruwe wameingia mihogoni, na kila mtu alijibu kama yule aliyepewa, dadu ikiamua kama amefaulu. Sharti lilikuwa moja: hutoki ndani ya mtu wako mpaka mama apige makofi.

Mwenyewe aliniambia wazi kwamba bila chumba kile cha kisomo walimochezea asingekubali kuiacha migomba ya mama yake kule juu zaidi mlimani na kuhamia kijijini. "Huku sina ukoo," alisema. "Nina meza tu."

Mtu fulani akaandika ofisini kwamba watu wanacheza kamari. Dadu imeonekana! Mkuu wangu akaamua wanakijiji wenyewe waulizwe: wakiutaka, mchezo ubaki, wasipoutaka, chumba kiwe stoo ya mbolea. Kazi ya kutunga dodoso nikapewa mimi.

Dodoso la kwanza lilikuwa na maswali mawili. Je, unaupenda mchezo huu? Je, mchezo huu ufungwe? Nikamwachia balozi wa nyumba kumi karatasi, nikashuka zangu. Wiki iliyofuata akanikabidhi: wote wameandika ndiyo. Swali la kwanza ndiyo, la pili ndiyo. Wote!

"Shikamoo mzee. Sasa hapa wanataka nini?"

"Marahaba." Akanitazama kwa huruma. "Mgeni umepanda mlima wote huu kutuuliza, halafu tukuambie hapana? Tulikaa, tukakubaliana."

Loo! Mkuu alinivaa mbele ya wapiga chapa. Wanaupenda na wanataka ufungwe, mimi nimesomea wapi? Nikarudi kule juu na hasira zangu zote nikamshushia yule mama. "Watu wako hawajui kusema hapana! Nifanye nini na watu kama hawa?" Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atanisaidia.

Dodoso la pili nililitunga kwa ustadi, najisifu hata sasa. Hakuna ndiyo wala hapana: ubaki, ubadilishwe, au ufungwe, chagua moja. Kila mtu ajibu peke yake, balozi akae mbali. Tena nikaona, kwa akili zangu nyingi, kwamba mwalimu naye asiwepo chumbani, asije akawatia maneno mdomoni. Nilifika Jumamosi nikawakuta mezani, mchezo umekolea. Nikamwomba mama atoke. Alisimama, akasema, "Subiri kidogo, mwanangu, kwanza niwa..."

"Mama, tafadhali! Usiwaambie neno lolote."

Akatoka.

Nikawaita mmoja mmoja kwenye kona. Mzee wa kwanza, ambaye hakuwahi kukosa hata Jumamosi moja, alinikazia macho. "Ufungwe. Upuuzi mtupu." Jamani, nilifurahi! Hatimaye mtu ana maoni yake! Wa pili: ufungwe, na wewe karani unatupotezea muda. Wa tatu akagoma hata kukaa. Niliandika mbio mbio, jasho likinitoka, nikijiambia kwamba hii ndiyo faida ya maswali yaliyotungwa sawasawa. Wengi walisema ufungwe. Nikapeleka matokeo mjini, mkuu akanipongeza, akagonga muhuri.

Nilipopanda tena na barua, yule mzee wa kwanza aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. "Nani kasema ufungwe?"

"Si wewe, mzee! Nimekuandika kwa mkono huu."

"Mimi? Yule alikuwa mbishi wangu!" Akashika kichwa. Siku ile, akanieleza, mama aliwapa wote watu wabishi, wajizoeze kumkatalia mkubwa, maana karani alilalamika kwamba hawajui kusema hapana. Nilipoingia walidhani mimi ni mkaguzi wa mle mchezoni. Na hakuna aliyewapigia makofi.

Nilichemka. Niligomba na wao, na balozi, na mlima wenyewe. Watu wazima na ndevu zao! Nikashuka kumsihi mkuu, akanijibu kwamba maoni ya wananchi hayakusanywi mara tatu, na kwamba lori la mbolea limeshaondoka. Nikadandia gari la kwanza kurudi kijijini, nisijue hata naenda kufanya nini.

Nilimkuta mama chumbani anaikunja kalenda yake, huku magunia yanashushwa mlangoni. Meza ilikuwa imeshatolewa uani. Ningepaswa kuomba radhi. Lakini aibu yangu haikuwa na pa kwenda, ikatoka kwa ukali.

"Mama, ulijua kabisa kwamba wako ndani ya mchezo. Nilipokwambia utoke, kwa nini hukukataa?"

Aliendelea kukunja mpaka karatasi ikatosha kwapani.

"Wao niliwapa watu wabishi, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa mimi tu."