Mtunza Farasi na Majani Mabichi

Tangu theluji iyeyuke na bonde zima kugeuka kijani, Nurzada hana raha na mtunza farasi wake. Farasi analishwa kwa muda wa saa moja tu kwa siku, kisha anafungwa mlingotini kichwa kikiwa juu, hata unyasi mmoja asiufikie. Kila asubuhi yule bwana humpapasa mbavu kwa vidole vyake vilivyopinda, humpangusa jasho shingoni, huliramba kwa ncha ya ulimi na kutema. "Bado lina mafuta!" Mwaka jana majani haya haya yalimnenepesha farasi mpaka kwato zikawaka moto kwa maumivu, akashindwa kusimama. Basi mwaka huu kila apitaye na konzi ya majani anafokewa, awe mgeni au mwenyeji.

"Unamtesa, kaka!" Nurzada humwambia. "Kila nikipita ananililia."

"Huo ni uroho, si njaa. Na wewe ndiye uliyemdekeza."

Leo Nurzada kamletea mtunza farasi bakuli la tambi na nyama ya kondoo. Kalipokea bila hata asante, akaenda kujibanza nyuma ya zizi. Nurzada akamfuata, amechoka naye.

"Sasa hapa unajificha nani asikuone?"

"Nimnyime farasi, halafu nitafune mbele yake? Sina haya?"

Akala upesi, akasukutua mdomo mara mbili, ndipo akarudi mlingotini.

"Usininuse!" akamfokea farasi.