Kasha la Kalengera

Kle, kle, kle. Mpaka leo naisikia. Ilikuwa sauti ndogo ya bati likigonga chuma, ikitoka kwenye kasha la mbao lililokaa chini ya dirisha la chumba changu katika mtaa wa Mapendo. Ardhi ya Goma ikitikisika kidogo tu, kabla hata sufuria za jikoni hazijajua, kasha lilikuwa limeshasema. Ndani yake mlikuwa na cherehani yangu ya mkono. Ni kitu gani kilicholegea humo sikujua, maana baba ndiye aliyenifungia nyumbani Mpanda, Tanzania, akapigilia misumari huku anaimba, mimi nikizunguka kuaga majirani.

Wakati ule nilikuwa binti wa ndoto nyingi na shule kidogo. Niliishia darasa la saba, nikafundishwa kushona na shangazi. Siku kanisa letu lilipotangaza kwamba Wakristo wa kijiji cha Kalengera, kule Kongo, kaskazini ya Goma, wanaomba mtu wa kufundisha wasichana wao kushona na kuwasomea Neno, nilinyoosha mkono kabla mchungaji hajamaliza kusema. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini kichwani nilishafika: wasichana wamenizunguka, magauni yananing'inia kwenye kamba, na tunaimba mpaka barabarani wanasimama kusikiliza.

Nilifika Goma mlima wa volkano ulio juu ya mji ukiwa umeshatapika. Nilitegemea kuona moto. Nilichoona ni mawe meusi kila mahali, mengine yakifuka mvua ikinyesha, na watu wakipanga mbao na mabati juu yake kana kwamba ni kiwanja cha kawaida. Kwenye bariyeri, yaani pale mpakani, nilimpata mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Goma hubebea kila kitu, kuanzia viazi mpaka milango. Akalitazama kasha langu.

"Dada, umebeba nini? Mlima wa kwenu?"

"Cherehani."

"Ah, mashini ya kushona! Basi ngoja nifunge sawasawa." Akatoa kamba za mpira, zile zinazokatwa kwenye tyubu za magari, akalizungushia kasha mpaka likawa kama mgonjwa mwenye bandeji. "Fundo yangu hii, hata volkano haiwezi kuifungua."

"Usikaze sana. Wiki ijayo nalifungulia Kalengera."

Akatazama upande wa kaskazini, kisha akanitazama mimi. "Sawa, dada. Siku ya kwenda uniite."

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mjane, mumewe alikuwa mchungaji. Alinipokea kwa kunikumbatia na kunipa sahani ya sombe, yaani kisamvu, akaniambia nipumzike, wiki ijayo kuna basi. Wiki ijayo ikaja na habari kwamba waasi wamekata barabara ya kaskazini. Tungoje kidogo, wakasema. Nikangoja. Barabara ilifunguka siku chache, basi likajaa kabla sijapata nafasi, kisha ikafungwa tena na safari hii hakuna aliyesema kidogo.

Miezi ikapita hivyo. Mwenye chukudu kila akipita mbele ya nyumba alipaza sauti, "Mamzele Kalengera! Tunaenda leo?" Mamzele ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike asiyeolewa. Watoto wa jirani wakalidaka jina hilo, na nikienda kununua makala, yaani mkaa, naitwa Mamzele Kalengera na watu ambao hata sijawahi kuwaona. Nilicheka nao. Nikirudi chumbani nilikaa juu ya kasha langu, nikalia.

Kanisa la nyumbani liliniambia nikishindwa nirudi, si aibu. Nilikataa. Niliamini kwamba nikimtumainia Mungu kweli, lazima nikae tayari. Kwa hiyo sikulifungua kasha. Kulifungua Goma niliona ni kama kumwambia Mungu kwamba nimeacha kuamini habari ya Kalengera.

Mama mwenyeji hakunielewa. Yeye, kama watu wengi wa Goma waliowahi kuukimbia ule mlima, alikuwa na furushi lake mlangoni: kitenge kimefungwa, ndani nguo, karatasi za nyumba, kisu, sabuni. Ardhi ikicheza, unadaka furushi unakimbia. Ila kila Jumatatu alilifungua. Nguo zilizokuwa ndani yake akazivaa, zilizochafuka akazifua, akazianika juu ya mawe meusi, jioni akafunga nyingine.

"Mama, sasa furushi la kukimbia mbona unalifungua?"

"Nguo za kukimbia nazo si ni nguo za kuvaa? Nisipozivaa, siku ya kukimbia nitakuta zimeliwa na panya." Akaonyesha chumba changu kwa kidevu. "Na ile kesi yako ya mashini? Watoto wa Mapendo nao wako na magoti inaonekana nje."

"Mungu hakunituma Mapendo, mama."

Akaacha kufua. "Eh! Basi Mapendo Mungu aliisahau? Tutamukumbusha Siku ya Mungu, kanisani."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye povu. Mimi sikucheka. Siku nyingine alinisikia nikiomba kwa sauti, nikimuuliza Bwana kama alinivusha mpaka ili nije kukalia sanduku. Akapita dirishani na ndoo yake. "Mutoto yangu, unamusemesha Mungu sawa vile shofa wa basi mwenye kuchelewa."

Kisha vita ikaja yenyewe mjini.

Siku hizo sijui nizisemeje. Tulikaa kwenye korido, mbali na madirisha, magodoro yameegemezwa ukutani. Milio mikubwa ilitoka upande wa Katindo, kwenye kambi ya askari, na kila uliposikika mmoja, kasha langu lilijibu chumbani: kle, kle. Sikuweza tena kujua ni mlima au ni bomu. Kaskazini waasi, kusini ziwa, magharibi vita, na bariyeri ya mashariki, ambayo siku zote nilijiambia ipo nikitaka, nayo wakaifunga. Nilitamani kupiga kelele. Mama alikuwa ameegemea furushi lake, anachambua maharage.

"Hauogope?" nikamuuliza, sasa na mimi kwa Kiswahili chake.

"Naogopa sana. Lakini maharage iko na mawe."

Nikasogea, tukachambua wote. Mara nyingi nilitupa maharage pamoja na mawe, naye akawa anayaokota.

Milio ilipokwisha, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na sisi bado mlemle. Mabomba hayakuwa na maji. Tukawa tunashuka ziwani na bidoni, yaani madumu ya maji, asubuhi, tukifuata watu wengi waliokuwa wakishuka. Kanisa letu lilijaa waliokimbia, wale waliohama kambi hadi kambi mpaka hakuna kambi tena. Mama alinituma nipeleke uji.

Nilipokuwa nagawa, alikuja mama mmoja kijana. Niliitambua sura yake. Tulikuwa tunapishana pale ziwani, na mara moja alinisaidia kutwika bidoni. Mtoto wake wa kike alivaa gauni lililopasuka ubavuni kutoka kwapani mpaka kiunoni, limeshikizwa na kamba ya mgomba. Nikamuuliza, ili tu kuongea, wametokea wapi.

"Kalengera."

"Kalengera ipi?"

Akashangaa. "Ziko ngapi?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza habari ya kanisa la huko. Akaniambia mabati yametolewa, na watu wote wametawanyika, wengine wako hapa hapa Goma, akanionyesha kwa kidole: yule mama kule nguzoni, hawa wasichana wawili, yule muzee. "Tulikuwa tunangojea mamzele mumoja wa Tanzania. Walisema anakuja na mashini. Tulisafisha nyumba, tukatafuta na meza. Mimi ndiye nilikuwa napangusa ile meza kila Posho, mbele ya Siku ya Mungu, asikute vumbi. Hakufika. Kisha na sisi tukakimbia, meza tukaiacha."

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. "Wewe? Mwenye kutembea na bidoni ya njano?"

"Mimi."

"Na ulikuwa wapi siku zote?"

"Hapa."

"Hapa Goma?" Akageuka, akawaita wale wa nguzoni kwa Kinyarwanda, maneno ya haraka, wakanigeukia wote. Nilidhani watanisema. Mmoja akapiga makofi, akacheka, na kicheko kikazunguka benchi hata benchi. "Mungu wetu!" akasema yule mama kijana. "Sisi tunamuomba atuletee mamzele, na tunamupita kwenye maji kila siku!" Kisha akainamia gauni la mtoto wake, akaivuta ile kamba ya mgomba ikae vizuri, na kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuomba sana, akauliza, "Na mashini? Walikuibia?"

"Hapana. Ipo."

"Inashona?"

Nikaokota kikombe, nikamjazia mtoto wake uji, maana kweli sikujua.

Nilirudi nyumbani na sufuria tupu. Mama mwenyeji alikuwa ameenda kutafuta makala. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nilitaka kuomba kwanza, nikagundua sina neno jipya la kuomba, yote nilishayasema. Nikatoka mlangoni, nikafungua furushi la mama, nikachukua kile kisu.

Fundo la mwenye chukudu lilikuwa kweli fundo. Nilianza kulifungua kwa kucha, ili kamba zibaki nzima kwa safari, kisha nikaacha, nikakata. Mpira uliruka ukanichapa mkononi. Misumari ya baba niliing'oa mmoja mmoja kwa ncha ya kisu. Nikainua kifuniko. Harufu ya nyumbani ikanijia, ya mbao na mafuta, nikakaa sakafuni kidogo.

Kilichokuwa kinagonga ni kikopo cha mafuta ya cherehani. Baba alikichomeka pembeni bila kuniambia, kimezungushiwa gazeti, na gazeti lilikuwa limesagika kwa kutikiswa. Kikopo kilikuwa kimebonyea upande mmoja, lakini mafuta yalikuwamo.

Nikaiweka cherehani juu ya kasha. Gurudumu lilikataa kuzunguka. Nikatia tone la mafuta kila tundu nililolikumbuka, nikafuta kwa pindo la kitenge changu, nikaegemeza kiganja kwenye gurudumu na kulisukuma polepole, bila uzi, bila kitambaa, mpaka sindano ikashuka kwa shida, ikapanda, ikashuka tena.