Presha ya Babu Tepu Akiwa Wima

Babu Tepu ana miaka tisini na moja na bado anashona suruali. Jina alipewa na wateja, kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Mwezi huo alikuwa ameanguka mara mbili, zote akiinuka kwenye cherehani, na bintiye anayeishi naye akawa ametoa neno: akianguka tena, chumba cha ushonaji kinafungwa.

"Nitashinda nikifanya nini?"

"Utapumzika, baba."

"Nipumzike na nini?"

Siku ya kliniki muuguzi alimkalisha, akamfunga mkanda wa mashine mkononi. Mia moja thelathini na mbili kwa sabini na nne.

"Babu, presha yako kama ya kijana," alisema, akiandika kwenye kadi. Ukurasa mzima ulijaa namba nzuri za aina hiyo.

Babu aliisoma kadi polepole. "Zote hizi mmenipima nimekaa?"

"Ndivyo tunavyopima."

"Mimi nikimpima mteja suruali amekaa, akisimama itamfika wapi?"

Bintiye alicheka. "Baba, hii si suruali."

"Najua. Lakini mimi sianguki nikiwa nimekaa."

Muuguzi hakucheka. Alimsimamisha, bintiye akamshika kiwiko, dakika moja ikapita. Akampima tena: namba ya juu, mia moja na mbili. Dakika ya tatu, tisini na nane.

"Chumba kinazunguka?" muuguzi aliuliza.

"Kidogo. Kama kila siku."

"Mbona hukusema?" bintiye aliuliza.

"Nilidhani ndio uzee wenyewe."

Daktari alieleza kwamba katika umri huo mishipa hukawia kujirekebisha mtu anaposimama, hivyo dawa ya presha inayomtosha akiwa amekaa inaweza kumzidi akiwa wima. Alipunguza kidonge kimoja kati ya vitatu anavyomeza kila siku. Viwili alimwachia aendelee navyo, kwa kuwa hatari ya kiharusi ilikuwa palepale.

Baada ya wiki mbili alikuwa na mia arobaini na nne akiwa amekaa, na mia ishirini na sita akiwa wima. Binti aliikodolea macho ile namba ya kwanza.

"Imepanda, daktari."

"Imepanda, na ameacha kuanguka. Kwa umri wake naikubali."

Chumba hakikufungwa, ila kwa sharti: kabla ya kuinuka babu achezeshe miguu na ahesabu hadi thelathini, kwa sauti, ili binti asikie akiwa jikoni.

"Baba, umeruka kutoka kumi na tisa hadi ishirini na tano."

"Mteja yuko mlangoni."

"Atasubiri. Anza upya."

Akaanza upya, moja, mbili, huku mteja akimsaidia kuhesabu.