Kuipaka Pikapu Tumbo

Oili chafu ikichemshwa pamoja na mawese hutoa harufu ambayo pua haijui iifanye nini. Ina kitu cha jikoni na kitu cha gereji kwa wakati mmoja. Tumbo linataka ugali, koo linataka kukohoa. Wiki iliyopita nilipita nyuma ya gereji moja hapa mjini ninapoishi sasa, fundi ameweka debe lake motoni, nikasimama. Nilikuwa nimeshachelewa ninakokwenda, nami ni mtu ambaye nikichelewa naumwa tumbo, lakini nilisimama tu. Kilichonijia hakikuwa huzuni wala furaha. Ulikuwa wivu. Wivu mbichi wa mtoto wa darasa la nne, kama vile haukuondoka kamwe, ulikuwa umekaa mahali unasubiri harufu.

Ninaandika haya nikifuta na kuandika upya, maana kuandika nimejifundisha mwenyewe na siku zote nahisi kuna mahali nimeruka. Mnivumilie.

Tulikaa Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma, kando ya barabara. Baba alikuwa akifuata chumvi Uvinza kwa pikapu yake kuukuu na kuiuza kwetu na katika vijiji vya njiani. Chumvi hiyo ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyokuwa ikitula gari. Ilipenya kwenye nyufa za mbao za bodi, ikalowana, ikadondokea kwenye chesisi na kukaa humo ikitafuna chuma kimyakimya. Juu pikapu ilikuwa na rangi yake nzuri ya bluu. Chini ilikuwa mgonjwa.

Basi kila mwaka, mvua zikikaribia, baba aliipaka tumbo. Kwanza tuliipeleka Bangwe, akairudisha kinyumenyume hadi magurudumu ya nyuma yakaingia ziwani, tukaimwagia maji kwa ndoo mpaka chumvi itoke. Ikikauka, aliipandisha juu ya shimo alilochimba ubavuni mwa nyumba yetu, refu kama kaburi la mtu mrefu, akashuka humo na brashi ya waya kukwangua kutu. Kisha ndipo debe lilipowekwa motoni: oili chafu kutoka gereji, na mashapo ya mawese, yale mazito yanayobaki chini ya pipa. Mahali papana palipakwa kwa tambara lililofungwa kwenye kijiti. Pembe na vichochoro vilipakwa kwa unyoya wa jogoo.

Unyoya ulikuwa wangu. Mkono wa baba haukuingia kule ndani, wangu uliingia. Nilipaka kwa uangalifu ambao hata darasani sikuwa nao. Sikuacha sehemu kavu hata ya ukubwa wa kucha. Baba aliniita "fundi wangu", na mimi nikiitwa hivyo nilikuwa tayari kulala humo shimoni.

Na zawadi ilikuja mwishoni. Mafuta yakiwa bado mabichi, baba aliendesha pikapu tupu kwa kasi kwenye barabara ya vumbi hadi Kidahwe na kurudi, ili vumbi jekundu lirukie chini yake, lishike kwenye mafuta na kukauka liwe kama ngozi ya pili. Safari hiyo haikuwa na mzigo, abiria wala biashara. Ilikuwa ya baba na mimi, vioo vimefungwa, yeye akiimba vibaya. Nilikuwa naisubiri kuliko sikukuu.

Mwaka ule Goreti alikuwa kwetu.

Ilikuwa miaka ile ambayo watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kila siku, kwa miguu na kwa mitumbwi. Mama yangu alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Singida aliyehamishiwa Kigoma kikazi, naye alimkuta Goreti wodini, amepona homa na hana wa kumchukua. Akaja naye nyumbani "kwa siku chache tu". Alikuwa amenizidi mwaka mmoja hivi, mwembamba, kimya. Hakuwa mkorofi. Ningefurahi angekuwa mkorofi. Alikunja shuka lake vizuri kuliko mimi, na mama alipoliona hilo akalisema kwa sauti.

Kuhusu shuka nilijikaza. Lakini siku pikapu ilipopanda juu ya shimo, nilirudi mbio kutoka shule, sijavua hata sare, nikakuta shimoni jozi mbili za miguu: ya baba, na mingine myembamba. Unyoya ulikuwa mkononi mwa Goreti.

"Neema, njoo utusaidie kushika taa," baba akasema.

Kushika taa! Mimi!

Nilishika. Na hapo ndipo niliposikia kitu kilichonichoma kuliko unyoya. Walikuwa wakizungumza. Yule mtoto ambaye mezani hakutoa hata neno, humo chini alikuwa akisema mfululizo, kwa Kirundi chake, na baba akimjibu kwa Kiha, na wote wawili wakielewana bila kusita. Sisi nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ya mama. Kiha nilijua salamu na matusi mawili ya sokoni. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akicheka kwa Kiha. Kilikuwa kicheko kingine kabisa, cha tumboni, cha mtu ambaye sikumjua. Na Goreti alikuwa akimwita "data", neno la kwao la baba.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Ah, hadithi tu za baba yake. Alikuwa dereva wa lori kule Rumonge, mcheshi kweli."

Hakuna aliyenitafsiria. Mwanga wa taa ukayumba, na baba akasema, "Fundi, shika vizuri." Alisema fundi, lakini sikujua alimwambia nani.

Nikaanza kumkagua. Kila nilipotoka shule niliingia chini ya gari nikitafuta aliporuka, na siku moja nikapata. Kando ya chesisi kulikuwa na matundu madogo, na Goreti alikuwa ameyaacha wazi yote. Mimi miaka ya nyuma nilikuwa nikiyajaza mafuta mazito mpaka yanazibika.

"Baba! Goreti ameruka. Tazama hapa. Na hapa. Na kule!"

Baba akajivuta kuja kutazama. Goreti aliokota msumari, akatafuta tundu moja ambalo bado lilikuwa na plasta yangu ya mwaka uliopita, akachoma. Maji ya kahawia yakatiririka hadi kwenye kiwiko chake, na vipande vya kutu kama majani ya chai. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Umunyu," akasema. Chumvi. Hilo hata mimi nilielewa.

"Haya ni ya kutolea maji, Neema," baba akasema taratibu. "Ukiyaziba, chumvi inabaki ndani, inakula chuma huku nje panang'aa."

"Mbona mwaka jana hukusema?"

"Mwaka jana sikuona. Ulikuwa umepaka vizuri mno."

Alisema kwa utani, akanisugua kichwa kwa mkono wenye mafuta. Mimi nilienda nyuma ya choo nikalia hadi kwikwi zikanishika. Nilichokipaka kwa upendo wote ndicho kilichokuwa kikioza gari, na mgeni ndiye aliyekifumua.

Kitu kimoja kilinipa matumaini: kazi haikuisha. Baba, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa haraka haraka, kila jioni alikwangua tena mahali palipokwisha kupakwa jana yake, akasema hapakushika vizuri. Nikajua kazi ya Goreti ilikuwa mbovu, ila baba alimwonea haya. Mawingu yalishaanza kukaa juu ya milima. Chumvi ya watu ilikuwa ikisubiri Uvinza. Mama akipita na beseni la nguo aliinama kuchungulia shimoni.

"Baba Neema, hilo gari mnalipaka mafuta au mnalikaanga?"

"Bado pembe moja, mama."

Shabani, jirani yetu mwenye lori, naye hakukosa neno. "Jirani, mbona gari umeliweka ndani kama mwali? Tuletee basi biriani!"

Baba alicheka kidogo tu, akashuka tena shimoni, na Goreti nyuma yake.

Jumamosi moja sikuweza zaidi. Baba alikwenda mjini asubuhi, Goreti na mama wakaenda mtoni kufua. Nikapasha debe, nikachukua unyoya, nikashuka. Nilipaka kila sehemu iliyokuwa imekwanguliwa. Nilipaka nyuma ya tangi, juu ya ekseli, ndani ya kila pembe, na matundu yote niliyaacha wazi, nikayasafisha kwa msumari. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna ile, hata leo. Wazo langu lilikuwa moja: kazi ikiisha nikiwa mimi niliyeimaliza, safari ya Kidahwe itakuwa yangu.

Baba aliporudi nilimvuta mkono. Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye chesisi. Nilisubiri aniite fundi.

"Umemaliza," akasema.

"Yote. Na matundu sijaziba."

"Naona." Akasimama akipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. "Umepaka vizuri, mama. Hakuna pa kurudia."

Kisha akaingia ndani kuzungumza na mama, na mlango, ambao kwetu ulikaa wazi mchana kutwa, ukafungwa.

Alasiri pikapu ilitoka juu ya shimo. Nilikuwa nimeshanawa miguu na kuvaa gauni. Goreti akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa khanga ya mama, akapanda mbele, mahali pangu. Mama akanishika bega. "Anakwenda kwa mjomba wake, amepatikana kambini, kule mbele ya Kasulu. Muage mwenzio."

Nilisema kwaheri nikitazama gurudumu. Yeye alisema kitu kwa Kirundi ambacho sikukielewa, na baba, aliyekielewa, hakukitafsiri. Wakaondoka. Vumbi likaruka na kushika pale nilipopaka, kama inavyotakiwa. Nikajiambia, afadhali, kuanzia kesho ni mimi tena. Lakini baba alirudi kesho yake bila kuimba, na kwa siku nyingi alikaa jioni kwenye ukingo wa lile shimo tupu, haongei lugha yoyote.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza, bila mimi kuuliza, tukichambua mchele. Ofisi iliyoshughulikia wakimbizi ilikuwa imekwisha kutoa maagizo tangu mapema: mtoto apelekwe kambini kwa mjomba wake. Baba akajitolea kumpeleka mwenyewe, mara gari litakapokuwa tayari. Kila walipotuma mtu kuuliza, alijibu gari liko shimoni. Hakuwa akirekebisha kazi ya Goreti. Alikuwa akiiharibu, kila jioni, ili kesho yake iwepo nyingine. Alijua hawezi kukataa, akajinunulia siku kwa brashi ya waya. Na mtoto yule, mama alisema, chini ya gari tu ndiko alikokubali kumtaja baba yake.

Ningependa kuwaambia kwamba moyo wangu ulilainika palepale. Haukulainika. Nilikumbuka siku nilipokwenda shule ya bweni Tabora: baba alinifikisha stesheni kabla ya abiria wote, sanduku langu limefungwa tangu juzi yake. Nikamwambia mama hivyo, na sauti yangu ikatoka ya mtoto wa darasa la nne.

"Mimi hakunichelewesha hata dakika."

Mama alitikisa ungo, akatoa jiwe, akalitupa nje.

"Wewe ulikuwa unarudi likizo," akasema.